Nungunungu Kwenye Mabegi ya Watu

Mama yangu alikubali kwa shingo upande. Alinipigia simu kutoka Nakuru akasema mtoto atakuja Juba likizo ndefu, akae na mimi, aone mahali penyewe palivyo, halafu aamue mwenyewe kama atabaki asome huku au atarudi kwake. Nisimshawishi. Nisimlilie. Nisimhonge hata kwa peremende. "Nitamwuliza mimi mwenyewe kwa simu, na wewe usiwe karibu," alisema. Mama yangu akisema jambo kwa sauti ile, huwa haombi maoni ya mtu.

Mtoto ni wangu. Nilimzaa mimi, baba yake akaenda zake mapema, na nikamwacha kwa nyanya yake akiwa bado ananyonya kidole, kwa sababu hoteli iliyoniajiri Juba kusimamia vyumba na mashuka haikuwa na mahali pa kulaza mtoto. Nilikuwa nikienda nyumbani mara moja kwa mwaka. Sasa msichana alikuwa anakaribia miaka kumi na mmoja, mimi nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili karibu na Nyakuron, na nilimtaka. Nilimtaka hadi nikikunja mashuka ya wageni nilikuwa nikimtandikia kitanda kichwani. Peremende nilikuwa nimekatazwa, sawa. Lakini mama yangu hakusema lolote kuhusu nungunungu.

Kuna filamu moja ya katuni, ya nungunungu jike mwenye duka la mikate katika mji wa wanyama. Anaoka kuliko mtu yeyote, lakini hakuna anayemkumbatia, maana akikumbatia mtu anamtoboa. Kwa hiyo jioni, akishafunga duka, anakumbatia gunia la unga. Mwishoni anapanda treni anahama, na asubuhi yake mji unaamka unakuta mkate wa moto, bado unatoa mvuke, mlangoni pa duka lililofungwa. Hawasemi nani ameuoka. Filamu inaishia hapo. Likizo yangu iliyopita binti yangu aliitazama hadi simu yangu ikawa inapata joto, akawa anaongea kama nungunungu, anatembea kama nungunungu, akimwagiwa uji anasema "miiba yangu jamani." Niliporudi Juba nilirudi na picha hiyo ya mtoto wangu, nikaishi nayo mwaka mzima.

Ndiyo maana mama yangu alipokata simu nilienda moja kwa moja kwa dada wa mapokezi, Mganda mmoja mcheshi ambaye nilikuwa nimewahi kumwona na kalamu yenye nungunungu. Akaniingiza kwenye grupu la mashabiki wa filamu hiyo hapa Juba. Nilidhani nitakuta watoto na wazazi wao. Nilikuta watu wazima na ndevu zao. Kulikuwa na Mkenya wa benki, msusi Mganda mwenye saluni Nyakuron, mwalimu wa hesabu, nesi, na wengine ambao sikuwahi kujua wanafanya kazi gani, ila nilijua wanalia sehemu ya gunia la unga. Niliandika kwa adabu: nina msichana, anampenda nungunungu, nimnunulie nini?

Ungedhani nimerusha mfupa. Mwalimu alisema kitabu cha kwanza ni kile kikubwa cha michoro, kinachoonyesha nungunungu alivyochorwa tangu akiwa mstari wa penseli. Msusi akasema michoro itamsaidia nini mtoto, anunuliwe kitabu cha mapishi ya mikate ya kwenye filamu, ingawa yeye mwenyewe alijaribu mkate wa mdalasini kwa jiko la makaa ukatoka tofali. Nesi alipendekeza blanketi, halafu foronya, halafu mdoli anayeimba ukimbonyeza tumbo, halafu ndara za manyoya, na kuvaa manyoya miguuni Juba ni kutaka kuchemka ukiwa hai. Kuna aliyesema kofia ya sufu. Mtu wa benki alinyamaza siku nzima, kisha akapendekeza riwaya ambayo haina nungunungu hata mmoja, ni ya mwanamke anayetengeneza miavuli kisiwani. "Ladha ni ile ile," aliandika. "Mashabiki wa kweli wote wameisoma. Utaelewa ukifika mwisho." Nikamwona ni mtu wa maringo. Hata hivyo nikaiweka kwenye orodha yangu, pamoja na kofia ya sufu.

Nilianza na soko la Konyo Konyo kwa sababu ni karibu na bodaboda ni nyingi. Kule nina mfanyabiashara wangu, Mganda wa vitu vya nyumbani, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna kitu hana.

"Mimi iko nayo," aliniambia hata kabla sijamaliza. "Ya kweli kabisa. Imetoka Kampala."

Akachana nailoni akatoa kitu cha kahawia, jicho moja shavuni na jingine karibu na paji la uso.

"Hii ni sungura amechanwa nywele," nilisema.

"Mama, angalia vizuri. Miiba hii hapa."

"Hii ni brashi ya viatu."

"Malesh," akasema, yaani pole, bila haya yoyote, akamrudisha sungura wake kwenye nailoni. Nilikuwa nimempiga picha nikaituma kwenye grupu, na watu wakamwombea marehemu apumzike pema. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba vitu vya kweli vitabidi vije kwa mabegi ya watu.

Juba ukisema unasafiri, umekwisha. Leo umetaja Nairobi, kesho una maagizo ya dawa za presha, nywele za bandia, majani ya chai ya nyumbani, vipuri vya pikipiki na sare ya mtoto wa mtu usiyemjua. Unaondoka na begi tupu la kwako ili urudi na begi la taifa. Ndiyo maana watu husafiri kimya kimya kama wamekula njama. Lakini kazi yangu ina faida moja. Wafanyakazi wanaolala hotelini hunirudishia mashuka kabla ya kwenda likizo, kwa hiyo naweza kujua safari ya mtu kabla ya mkewe. Mhasibu wetu aliniletea mashuka yake siku moja yamekunjwa vizuri mno, akasema yana doa.

"Nairobi lini?" nikamwuliza.

Alikaa kwenye kikapu cha nguo chafu akashika kichwa. Ilikuwa harusi ya kaka yake, na alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa meneja. Akarudi na kitabu cha michoro, riwaya ya miavuli na blanketi, na hakunisemesha wiki nzima.

Mdoli alikuja na nesi kwa basi kutoka Kampala. Kwenye mpaka wa Nimule afisa wa forodha alifungua begi lake, akambonyeza mdoli akitafuta sijui nini, naye mdoli akaanza wimbo wa mikate kwa sauti kubwa mbele ya abiria wote. Afisa akambonyeza tena. Akamwita mwenzake naye asikie. Basi zima lilisimama juani kwa ajili ya nungunungu wangu, na nesi alitueleza haya kwa ujumbe wa sauti mrefu, wenye maneno ambayo nesi hapaswi kuyajua.

Nilitandika kile chumba kama chumba cha balozi. Blanketi, foronya, mdoli kati ya mito, kikombe chenye mkia badala ya mkono, vitabu vimesimama dirishani, fulana imekunjwa juu ya kitanda jinsi tunavyokunja taulo za wageni. Nilikaa mlangoni nikakitazama. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba akiingia hapa hatataka kutoka.

Uwanja wa ndege sikumjua mara moja. Nilikuwa naangalia chini kidogo, mahali alipokuwa akifika mwaka uliopita, na yeye alikuwa amesimama juu ya hapo. Kichwa chake kilinifika kidevuni. Tukakumbatiana kama watu waliofahamishana harusini.

Nyumbani nilimfungulia mlango wa chumba nikajitia hamnazo, nikabaki nyuma naye akaingia. Alisimama katikati. Akageuka polepole.

"Asante, mama," alisema. "Ni kuzuri."

Sauti hiyo naijua. Ni ya mgeni mwenye malezi mema aliyeona mende chumbani na ameamua kutosema. Nimeisikia kazini miaka mingi, na sikuwahi kufikiri nitaisikia kwangu. Kesho yake asubuhi nilikuta blanketi limegeuzwa, nungunungu wote wameangalia godoro. Mdoli alikuwa kabatini. Fulana alikuwa ameijaribu kwa heshima, ikaishia kitovuni.

"Kwani humpendi tena?" nikauliza, kwa sauti ya mzaha isiyokuwa na mzaha.

"Hiyo niliangalia nikiwa mdogo, mama."

"Mwaka jana."

"Eeh. Nikiwa mdogo."

Sasa alikuwa anapenda mpira wa wavu, na rangi ya kucha, ambayo nyanya yake hakuijua na mimi nilionywa nisimwage mtama. Nilienda bafuni nikafungua bomba nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye kwa kukua, nikamkasirikia mama yangu kwa kumwona akikua, na nikalikasirikia grupu zima na ndevu zake. Tunaofanya kazi mbali sote tunanunua hivi. Hatumnunulii mtoto aliyepo, tunamnunulia yule tuliyemwacha getini akipunga mkono, na yule hayupo tena. Mhasibu nilipomsimulia alinisamehe mambo ya begi papo hapo. Yeye mwaka uliotangulia alimpelekea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu, akakuta kijana ana sauti nzito.

Siku zilizofuata zilikuwa za joto na ukimya. Nilikuwa nikitoka kazini namkuta amelala sakafuni mbele ya feni. Umeme ukikatika feni ikizima, ananiangalia kama ni mimi niliyeuzima. Nilimpeleka Rejaf tukala samaki wa kukaanga tukiangalia mto, na nilijiambia samaki si peremende. Alikula vizuri. Akashukuru. Jamani, shukrani za yule mtoto zilinichosha.

Riwaya ya miavuli ilikuwa imekaa dirishani inakula vumbi, na mimi siwezi kuona kitu kimesafirishwa hivyo kikaharibika bure. Nikaanza kuisoma jikoni. Kumbe mtu wa maringo alikuwa na haki yake. Ladha ilikuwa ile ile hasa. Nilicheka peke yangu na mwiko mkononi, nikaunguza kitunguu, na nilipofika mwisho machozi yakanitoka bila taarifa. Binti yangu akaja mbio.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni mwanamke fulani, amerudishiwa mwavuli wake."

Alinitazama sana. "Ndiyo unalia?"

"Toka hapa."

Kesho yake kitabu hakikuwa dirishani. Kilikuwa chini ya mto wake, na nilijua kunyamaza. Siku mbili baadaye alitokea jikoni macho mekundu, akanywa maji, akasema, "Sawa. Ni kama ile ya nungunungu. Lakini huyu angalau tunajua nani alimrudishia."

"Hata ya nungunungu tunajua. Ule mkate ameuoka yeye mwenyewe."

"Mama, haiwezekani. Treni iliondoka jioni. Mkate ulikuwa unatoa mvuke asubuhi. Aliuoka saa ngapi?"

Muda wote ule kwenye grupu, mwalimu wa hesabu akiwemo, hakuna aliyelifikiria hilo.

"Ni fisi," akaendelea. "Jirani. Kila akikanda unga, fisi yuko dirishani anamwangalia mikono. Wewe ulidhani anataka kuiba, si ndiyo? Alikuwa anajifunza."

"Fisi hawezi kuoka."

"Umeona ule mkate ulivyokuwa umepinda?"

Nilibisha. Nilibisha kwa moyo wangu wote, nikamwambia alirudi kwa miguu kutoka stesheni ya kwanza, nikamwambia waliochora filamu walisahau saa, nikamwita mwanafunzi wa fisi. Akacheka. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nilisimama pale na mwiko wangu nikiwa sitaki kusogea, nisije nikamkatiza. Ule mkate bado nasema ni wa nungunungu.

Jumapili mashabiki hukutana kwenye saluni ya msusi, baada ya ibada. Nilikuwa sikosi. Nikamchukua, na bodaboda ilipotushusha Nyakuron akaona watu wazima wameketi chini ya mashine za kukausha nywele wakinywa chai kwa vikombe vyenye mikia, uso wake ulisema ardhi ipasuke immeze. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Akakaa pembeni. Alivumilia mpaka mwalimu aliposema, kwa ule ujuzi wake wote, kwamba mkate wa mlangoni ni ishara ya kurudi.

"Samahani, mwalimu," alisema binti yangu. "Ni fisi."

Akawaeleza treni, mvuke, dirisha. Mtu wa benki alivua miwani akaifuta. Dada wa mapokezi akatoa simu akatafuta sehemu ya dirisha, watu wakarundikana juu yake, na mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa naye akaja kutazama. "Yesu, fisi iko hapo," msusi akasema. Mwalimu alidai ushahidi zaidi, akapewa. Nami nilikuwa nimevimba kiburi hadi mkanda wa sketi ulinibana. Yule ni wangu, nilikuwa nawaambia kwa macho, ingawa walikuwa wanajua.

Tulirudi kwa miguu, jua limepoa kidogo.

"Wale ndio marafiki zako?" akauliza.

"Ndio hao."

"Na mkimaliza nungunungu mnaongea nini?"

Nilifikiri. "Hatujawahi kummaliza."

Akatikisa kichwa taratibu, akabadilisha mazungumzo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa mama yangu alipiga simu, kama alivyoahidi. Alisalimia, akauliza afya, kisha akasema, "Mpe mtoto simu. Na wewe uende nje." Nilienda nje, kwenye tangi, na ndoo. Lakini madirisha ya nyumba yangu ni wavu mtupu, na mama yangu tangu zamani huongea na simu kana kwamba mtu yuko ng'ambo ya bonde. Nilifungua bomba kidogo tu, maji yasije yakanizuia kusikia. Nilikuwa naogopa. Sina neno jingine la kusema.

"Shosho, nitabaki," binti yangu alisema.

"Amekununulia nini?"

"Alinunua vitu vya kitoto. Hata sivitumii."

"Basi umependa huko?"

"Hapana. Joto ni jingi sana, na maji yanakuja na lori."

"Sasa unabakia nini?"

Alishusha sauti, lakini haikutosha. "Shosho, huyu hana mtu. Wewe uko na wajomba, uko na watu wa kanisa, kila mtu anaingia kwako bila kubisha. Yeye akifunga mlango, amefunga. Ana meza, ana viti, lakini anakula akiwa amesimama kando ya sinki. Kila siku. Nilimwambia akae, akakaa. Lakini nikienda atasimama tena."

Mama yangu alinyamaza muda mrefu. Sikumbuki mama yangu kunyamaza kwenye simu, anasema ni kupoteza hela.

"Na mimi?" akauliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe nitakuja kila likizo," mtoto akasema.

Kwanza nilipandwa na hasira. Nilitaka kuingia ndani niseme nina watu, nina kazi yenye wafanyakazi chini yangu, nina kanisa, nina grupu lenye ujumbe asubuhi na jioni, na nani alimwambia mtu anayekula haraka ni mtu wa kuhurumiwa. Nilikuwa nimetaka anichague kwa sababu nafaa. Akanichagua kwa sababu alinionea huruma, na pale kwenye tangi nilijua kwamba ni kweli, alikuwa ameniona, na hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Nililia mpaka ndoo ikafurika miguuni.

Baadaye aliniita kwamba chakula ni tayari. Nikaingia, nikavuta kiti, nikakaa.